Moms Mabley

Jackie "Moms" Mabley (jina la kuzaliwa: Loretta Mary Aiken, Brevard, North Carolina, 19 Machi 1894 – White Plains, New York, 23 Mei 1975) alikuwa mchekeshaji na mwigizaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini humo kufanya uchekeshaji wa jukwaani, yaani kusimama peke yake mbele ya watazamaji na kuwachekesha kwa maneno yake mwenyewe.

Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Kwa sehemu kubwa ya muda huo alijulikana na Wamarekani weusi tu, kwa sababu ubaguzi wa rangi ulitenganisha kumbi, redio na magazeti. Wazungu wengi walimfahamu alipokuwa tayari bibi wa miaka 60 na zaidi.

Maisha ya awali

Mabley alizaliwa katika mji mdogo wa Brevard, katika milima ya magharibi ya jimbo la North Carolina. Vyanzo vingine hutaja mwaka 1897 kama mwaka wa kuzaliwa kwake. Familia yake ilikuwa kubwa. Baba yake, James Aiken, alikuwa mfanyabiashara na pia mzimamoto wa kujitolea. Alifariki mwaka 1909 katika ajali ya gari la zimamoto.

Utoto wake ulikuwa mgumu. Alibakwa mara mbili kabla ya kufikia utu uzima, na watoto wawili aliowazaa walichukuliwa wakalelewa na watu wengine. Akiwa na umri wa takriban miaka 14 aliondoka nyumbani, kwa kutiwa moyo na bibi yake, akaenda Cleveland, Ohio. Huko alijiunga na kundi la wasanii waliosafiri mji hadi mji wakiimba, kucheza na kuchekesha.

Jina la Jackie Mabley alilitwaa kutoka kwa Jack Mabley, msanii mwenzake aliyewahi kuwa mpenzi wake. Baadaye alieleza kwa mzaha kwamba mwanamume huyo alimchukulia vitu vingi, kwa hiyo naye akaona heri achukue walau jina. Jina la "Moms", lenye maana ya "Mama", alipewa na wasanii wenzake kwa jinsi alivyowatunza walipokuwa safarini.

Kazi ya jukwaani

Katika miaka ya 1910 na 1920 Mabley alipanda majukwaa ya kumbi zilizohudumia watazamaji weusi, hasa katika majimbo ya kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aligunduliwa na Butterbeans na Susie, mume na mke waliokuwa wachekeshaji maarufu wa wakati huo. Wao walimsaidia kufika New York, ambako alifanya kazi katika klabu za mtaa wa Harlem, ikiwemo Connie's Inn.

Mwaka 1931 alishiriki katika onyesho la Fast and Furious katika Broadway. Mwandishi Zora Neale Hurston alikuwa miongoni mwa walioandika na kuigiza katika onyesho hilo. Mwaka 1933 alionekana katika filamu ya The Emperor Jones, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na Paul Robeson.

Mwaka 1939 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchekesha peke yake katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Watazamaji wa Apollo walijulikana kwa kutomvumilia msanii dhaifu. Waliweza kumzomea hadi ashuke. Mabley alirudi katika ukumbi huo mara nyingi kwa miaka iliyofuata. Katika kilele cha umaarufu wake alilipwa hadi dola 10,000 kwa wiki.

Mtindo

Mabley alianza kuigiza bibi kizee akiwa bado mwanamke kijana. Alipanda jukwaani amevaa gauni la nyumbani, kofia iliyolegea, soksi zilizoshuka na viatu vikubwa. Alipozeeka kweli alivua meno bandia kabla ya kutoka mbele ya watu, na sauti yake ikawa nzito na ya kukwaruza. Mhusika huyo alimjenga kwa kumkumbuka bibi yake mwenyewe.

Vazi hilo lilimpa uhuru. Mwanamke kijana aliyezungumzia mapenzi hadharani angeonekana hana adabu, na mtu mweusi aliyewasema wazungu angejiweka hatarini. Bibi kizee asiye na meno hakumtisha mtu. Kwa hiyo Mabley aliweza kulalamika kwamba baba yake alimwoza kwa mzee, na kutangaza kwamba yeye anataka vijana tu. Ulikuwa mzaha uliorudi karibu katika kila onyesho lake.

Kupitia bibi huyo alizungumzia pia ubaguzi wa rangi na vitisho vilivyomkabili mtu mweusi aliyesafiri katika majimbo ya kusini. Katika hadithi zake nyingine alijifanya mshauri wa marais, akiwaita kwa majina yao ya kwanza kama mama anayewakanya wanawe. Watazamaji wake aliwaita watoto wake.

Nje ya jukwaa alikuwa mtu tofauti. Alipenda kuvaa suruali na mashati ya kiume, na wasanii wenzake walijua kwamba alipenda wanawake.

Mbinu ya mchekeshaji kusema kupitia mhusika mzee inajulikana pia kwa watazamaji wa Afrika Mashariki. Mfano wake ni Mzee Ojwang, mhusika aliyeigizwa na Benson Wanjau katika kipindi cha Vitimbi nchini Kenya.

Rekodi na televisheni

Kuanzia miaka ya 1960 kampuni ya Chess Records ilitoa maonyesho ya Mabley katika santuri. Sauti yake ikafika majumbani mwa watu ambao wasingeingia katika kumbi za Harlem. Mwaka 1962 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York.

Mwaka 1967 alionekana katika A Time for Laughter, kipindi cha televisheni kilichotayarishwa na Harry Belafonte kuhusu uchekeshaji wa Wamarekani weusi. Baada ya hapo alialikwa katika vipindi vikubwa, kama vile vya Smothers Brothers, Merv Griffin na Ed Sullivan.

Mwaka 1969 alirekodi wimbo wa Abraham, Martin and John, unaowakumbuka viongozi wa Marekani waliouawa. Aliuimba bila mzaha wowote. Ulifika nafasi ya 35 katika chati ya Billboard Hot 100, naye akiwa na umri wa miaka 75.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 1974 Mabley alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya Amazing Grace. Alipatwa na mshtuko wa moyo wakati wa utengenezaji wake, na kazi ikasimama hadi alipopata nafuu na kurudi kuimaliza. Alifariki tarehe 23 Mei 1975 huko White Plains kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa katika makaburi ya Ferncliff, Hartsdale, New York.

Kumbukumbu

Maonyesho mengi ya Mabley kabla ya miaka ya 1960 hayakurekodiwa, hivyo sehemu kubwa ya kazi yake ilibaki katika kumbukumbu za waliomwona. Baada ya kifo chake wasanii wengine walijitahidi kuirudisha.

Mwaka 1987 mwigizaji Clarice Taylor alimwigiza katika tamthilia ya Moms, iliyoandikwa na Alice Childress. Tamthilia hiyo ilizaa kesi ya hakimiliki, Childress v. Taylor. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa iliamua kwamba Childress ndiye mwandishi pekee, ingawa Taylor ndiye aliyeleta wazo na kufanya utafiti. Uamuzi huo bado hutajwa katika masomo ya sheria.

Whoopi Goldberg, aliyemwigiza Mabley jukwaani kabla hajawa maarufu, aliongoza filamu ya hali halisi kuhusu maisha yake, iliyoonyeshwa na HBO mwaka 2013. Mwaka 2019 Wanda Sykes alimwigiza katika tamthilia ya televisheni ya The Marvelous Mrs. Maisel.

Baadhi ya filamu zake

- The Emperor Jones (1933)
- Boarding House Blues (1948)
- Killer Diller (1948)
- Amazing Grace (1974)