Karani Asiyelala: Historia Fupi ya Akili Unde katika Kazi za Kigali

Mtu anaposikia maneno "akili unde", mara nyingi hudhani kwamba jambo hili limezuka jana. Lakini mashine haikuingia katika kazi zetu kwa siku moja. Kwanza iliandika, kisha ikapanga yaliyoandikwa, na mwishowe ikaanza kushauri na kuamua. Katika insha hii tutaifuata safari hiyo hapa Kigali, na tutatua kidogo mahali ilipokwama, kwa kuwa hapo ndipo penye funzo.

Tuanzie mwaka 2000. Miaka 6 tu baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, serikali ilitoa Dira ya 2020, iliyokusudia kuitoa nchi katika kilimo cha kujikimu na kuipeleka kwenye uchumi unaotegemea maarifa. Kwa nchi isiyo na bahari, isiyo na bandari, tena yenye ardhi ndogo, maarifa yalionekana kuwa mali inayoweza kusafirishwa bila meli.

Matunda ya kwanza yalionekana madukani. Mwaka 2013, Mamlaka ya Mapato ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani watumie mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Mauzo yaliyokuwa yakinakiliwa daftarini kwa mkono sasa yalijiandika yenyewe. Mwaka 2015 ukafunguliwa mfumo wa Irembo, jina ambalo kwa Kinyarwanda lina maana ya lango la kuingilia nyumbani. Kupitia lango hilo mwananchi aliweza kuomba huduma za serikali, kama vile vyeti na usajili wa mtihani wa udereva, bila kupanga foleni tangu alfajiri.

Hata hivyo, mifumo hiyo haikuwa akili unde. Ilifuata kanuni zilizoandikwa na binadamu, hatua kwa hatua. Akili unde hujifunza kutokana na mifano mingi, kisha hukisia jibu la jambo jipya. Ile inayotumika katika shughuli za taasisi kwa kawaida huwa mahususi: hufundishwa kazi moja, kama kusoma ankara, kutambua udanganyifu katika malipo, au kupima uzito wa dalili za mgonjwa. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayotuleta kwenye kisa chetu.

Mwaka 2016, kampuni ya Babylon ya London ilianzisha nchini mwetu huduma iliyoitwa Babyl. Mgonjwa hakuhitaji simu ya kisasa. Alijisajili kwa simu ya kawaida, akazungumza na muuguzi, na ikibidi na daktari, kisha akapokea kwa ujumbe mfupi namba ya kuchukulia dawa. Zaidi ya watu milioni 2 walijisajili. Machi 2020 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka 10 na serikali, na huduma ikaunganishwa na bima ya afya ya jamii. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilitangaza chombo cha akili unde cha kuwasaidia wauguzi wanaopokea simu kuamua nani amwone daktari haraka na nani anaweza kusubiri.

Wakati huohuo Babylon iliingia katika soko la hisa la New York, ikikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani. Haikupita miaka 2. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilifilisika, na huduma ya Babyl nayo ikafungwa. Mkataba wa miaka 10 ukaishia mwaka wa 4.

Tusiseme kwamba chombo kilikuwa kibaya. Kiliwapunguzia watu safari ndefu na siku nzima za kusubiri zahanati. Lakini hatima yake iliamuliwa London na New York, mbali na mgonjwa wa Gasabo au Nyamagabe aliyekitegemea. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Taasisi inayomkabidhi karani asiyelala kazi zake zote yapasa ijiulize mapema: karani huyu ni wa nani, na akiondoka, nani kati yetu bado anaikumbuka kazi?

Jibu moja lilikuwa limeanza kujengwa hapahapa. Vijana wa Kigali walianzisha Digital Umuganda, jina lililochukuliwa kutoka kazi ya ujima ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wa kujitolea walisoma sentensi za Kinyarwanda na kurekodi sauti zao, hadi lugha hiyo ikawa miongoni mwa zenye saa nyingi zaidi katika hazina huria ya sauti ya Mozilla. Bila sauti hizo, mashine haiwezi kumsikia mkulima, seuze kumhudumia.

Sheria nayo ilifuata. Sheria ya Oktoba 2021 ya ulinzi wa data binafsi inamlinda mwananchi dhidi ya kuamuliwa na mashine peke yake katika mambo yanayomwathiri sana. Aprili 2023 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Sera ya Taifa ya Akili Unde. Sera na sheria, hata hivyo, huishi pale mwananchi anapozijua. Ukinyimwa mkopo na programu, uliza sababu.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna neno letu. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na kimezungumzwa Biryogo tangu zama za babu zetu. Je, bibi wa Biryogo akiongea na mashine ya ofisi kwa Kiswahili chake, kilichochanganyika na Kinyarwanda, itamwelewa? Itamwelewa iwapo tutaandika, tutarekodi na kutafsiri leo. Lugha isiyo na maandishi ya kutosha huachwa nje ya lango, hata lango lenyewe likiwa wazi.

Maswali ya kutafakari:
1. Eleza tofauti kati ya mfumo unaofuata kanuni na akili unde.
2. Kisa cha Babyl kinatufunza nini kuhusu kutegemea chombo cha wengine?
3. Taja uamuzi mmoja ambao usingependa uachiwe mashine peke yake, na utoe sababu.