Shule Zetu za Msingi Hapa Nyarugusu: Tulivyomsaidia Mtoto Asome Tangu 1996



Kamati imeniomba niandike habari za shule zetu za msingi katika jarida hili la kumbukumbu. Nimekubali kwa sababu walimu wale wa kwanza wanazidi kupungua. Wengine wamerudi Kongo, wengine wamehamishiwa Marekani na nchi nyingine za mbali, na wengine tumewazika hapa hapa. Sitaandika kila kitu. Nitaeleza hasa jinsi shule ilivyojaribu kumwinua mtoto, pamoja na pale sisi walimu tulipokosea.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1996 wilayani Kasulu, wakati vita vilipotufukuza kutoka Fizi, Uvira na kwingineko Kivu ya Kusini, tukavuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Tanzania haikuwa ngeni kwa mambo haya. Mwezi wa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 waliingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, wakipitia daraja la Rusumo. Katika kambi za huko yalitumika masanduku ya shule ya UNESCO na UNICEF. Sanduku moja lilipangwa kwa mwalimu mmoja na watoto 80, yaani 40 asubuhi na 40 mchana, likiwa na chaki, vibao, madaftari na kalamu. Mpango huo wa zamu mbili haukuishia Ngara, na sote tunaujua vizuri.

Kwetu mwanzo ulikuwa chini ya miti. Walimu walioandikisha watoto hawakuwa na kitabu. Waliandika programu kwa kukumbuka, mmoja akikumbuka hesabu na mwingine sarufi. Tablo ilikuwa ubao uliopakwa makaa, na watoto wa mwaka wa kwanza waliandika mchangani kwa kidole. Baadaye wazazi walifyatua tofali na yakapatikana madarasa, kwanza ya turubai, kisha ya kudumu. Habari za majengo zimeshasemwa mara nyingi katika mikutano, kwa hiyo naziacha.

Jambo kubwa lililoamua hatima ya watoto wetu lilikuwa programu. Serikali ya Tanzania ilitaka wakimbizi wasome kwa programu ya nchi walikotoka, ili siku ya kurudi mtoto asianze upya. Vijana huuliza kwa nini hatukusoma kwa programu ya Tanzania, ambayo ni ya Kiswahili na shule zake ziko hapa jirani. Jibu linapatikana kwa ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakakaa Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Wao walisoma shule za Kitanzania, kwa Kiswahili. Waliobaki walifaidika: zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia wa Tanzania. Lakini watoto wa wale waliorudi Burundi kuanzia mwaka 2008 walikuta darasa la Kirundi na Kifaransa, na wengi wao wakaonekana wajinga ilhali walikuwa wamesoma. Sisi, safari za kurudi Kivu ya Kusini zilipoanza mwezi wa Oktoba 2005 na watu wakapanda meli Kigoma kwenda Baraka, mtoto aliweza kushuka na kadi yake ya mwaka wa nne na kuingia mwaka wa tano. Kwa hilo naona serikali iliamua vema, ingawa wakati ule tulinung’unika.

Sasa nifikie kosa letu.

Mtoto wa Nyarugusu husikia Kibembe au Kifuliiru nyumbani, na nje anacheza kwa Kiswahili. Kifaransa hakisikii popote ila kinywani mwa mwalimu. Hata hivyo wengi wetu tulifundisha Kifaransa tangu siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Tuliona ni heshima. Mwalimu aliyeeleza kwa Kiswahili alidhaniwa hakijui Kifaransa, na wazazi wenyewe walimcheka. Tena tuliwapanga walimu hodari mwaka wa sita, kwa ajili ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mwaka wa kwanza tukampa yeyote aliyebaki, mara nyingi kijana asiyewahi kufundisha. Na huko ndiko watoto walikojaa kupita kiasi.

Mnakumbuka proklamasyo zetu za mwisho wa mwaka. Wazazi wanakaa mbele ya shule, direkta anasoma majina na asilimia, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na aliye chini ya 50 anasikia mbele ya watu wote kwamba atarudia. Siku moja mama mmoja alisimama kabla orodha haijaisha. Alisema: “Mwalimu, huyu wangu amerudia mwaka wa kwanza mara tatu. Ni yeye asiyejua, ama ni ninyi hamumfundishi?” Watu walicheka, naye hakuketi. Direkta alifunga karatasi akamwambia: “Mama, tutakujibu.” Mimi nilikuwa mmoja wa walimu waliokuwa wamesimama nyuma yake, na ninakiri kwamba wakati ule nilimkasirikia mama yule.

Jibu lilichukua likizo nzima. Tulipofungua madaftari tuliona kwamba walioanguka mwaka wa sita karibu wote walikuwa wamerudia mwaka wa kwanza au wa pili. Walikuwa wakikariri maneno bila kusoma. Basi tukageuza mambo. Mwalimu mzoefu kuliko wote shuleni aliombwa ashuke mwaka wa kwanza. Alikataa wiki mbili, akidhani anaadhibiwa, kisha akakubali. Kusoma kukaanza kwa Kiswahili, na Kifaransa kikaingia kwa mdomo, kwa kutaja vitu vinavyoonekana: maji, jembe, mlango. Hatukuwa tumebuni kitu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, na sheria ya elimu ya mwezi wa Februari 2014 inazitambua lugha hizo kuwa za kufundishia. Matokeo hayakuonekana mwaka ule wala uliofuata. Yalionekana wale watoto walipofika mwaka wa nne, wakawa wanasoma swali wenyewe badala ya kungoja mwalimu awasomee. Mtoto wa mama yule alikuwa miongoni mwao.

Misaada mingine ilikuwa midogo, lakini ilifanya kazi. Siku ya mgawo wa chakula nusu ya darasa ilikuwa haipo, kwa kuwa mtoto hubeba mzigo au hulinda nyumba; tukaacha kutoa majaribio siku hiyo. Wasichana wa mwaka wa tano na wa sita walikuwa wakichelewa kwa ajili ya maji, ndipo wazazi walipokubaliana kisimani kwamba mwenye kaye mkononi achote kwanza. Watoto waliovuka bila wazazi walipewa kila mmoja mwalimu wa kumtembelea. Mwaka wa sita walirudi alasiri kwa marudio, na hilo walimu walilifanya bila nyongeza yoyote. Mwalimu mkimbizi hana mshahara, anapewa motisha tu, na haitoshi. Tumepoteza walimu wazuri kwa sababu hiyo, wakaenda kwenye biashara ndogo ndogo, nami siwalaumu.

Mambo yalirudi nyuma mara mbili kubwa. Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilifungwa, na ndugu waliokuwa huko wakaletwa hapa, madarasa yakafurika. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, nao wana programu yao, ambayo tangu mwaka 2013 ina shule ya msingi ya miaka 9. Wengine walipokea zamu yao katika madarasa yetu, wengine walisoma chini ya miti kama sisi mwaka 1996. Palikuwa na maneno kati ya wazazi wa pande mbili juu ya madawati, na si vizuri kuyaficha. Halafu mwaka 2017 mgawo wa chakula ulipunguzwa sana. Mtoto mwenye njaa haandiki, hata mwalimu awe hodari namna gani, na mwaka ule tuliridhika walipofika tu.

Tangu mwezi wa Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali huko Kongo ni bure, na wazazi wengi wanaofikiria kurudi wanatuuliza watoto wao wataingia mwaka gani. Madaftari ya zamani ya mahudhurio na asilimia tumeyahifadhi katika sanduku la bati ofisini kwa kamati, isipokuwa machache yaliyoliwa na mchwa. Anayehitaji uthibitisho aje Jumanne au Alhamisi asubuhi, akiwa na jina la mtoto kama lilivyoandikishwa, zoni aliyokaa, na mwaka aliosoma.