Likizo ya Dakta Steere, 1868–1872

Jina la Edward Steere likitajwa Unguja, wengi hulikumbuka kanisa la Mkunazini, lililosimama pale palipokuwa soko la watumwa. Wenye kushughulika na lugha huongeza kitabu chake cha sarufi. Kisichokumbukwa sana ni kwamba kitabu hicho, pamoja na mkusanyiko wa hadithi uliofuatana nacho, vilitoka mwaka 1870 katika jiji la London, wakati mwandishi wake alipokuwa kwao Uingereza, mbali na kila Mswahili ambaye angeweza kumuuliza neno. Miaka ile minne, kuanzia 1868 hadi 1872, katika historia za misheni hupitwa kwa sentensi moja au mbili: padri alikwenda likizo, kisha akarejea. Katika historia ya Kiswahili yafaa kuikawilia.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria hata akapata shahada ya udaktari, na ndiyo maana watu wakamwita Dakta Steere ingawa hakuwa tabibu. Aliiacha sheria akawa padri, na kufikia mwaka 1862 alikuwa mkuu wa parokia ya Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Wakati huo Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyozaliwa kutokana na hotuba za Livingstone, ilikuwa imepata pigo zito: Askofu Mackenzie alifariki kwa homa kando ya mto Shire tarehe 31 Januari 1862, na wenziwe kadhaa wakafuata. Aliyechaguliwa kumrithi alikuwa William Tozer, padri wa jirani na rafiki wa Steere. Steere akafuatana naye mwaka 1863. Tozer aliyaona makaburi yale, akaamua kwamba bonde la Zambezi si mahali pa kuanzia, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Livingstone alimlaumu sana kwa uamuzi huo na kuuona kuwa ni woga. Lakini lau Tozer angebaki Shire, pengine Steere asingejifunza Kiswahili, na habari yote hii isingekuwapo.

Almuradi walishuka Unguja mwishoni mwa Agosti 1864. Sayyid Majid akawapa watoto watano waliokuwa wametekwa katika jahazi la watumwa, nao ndio wakawa wanafunzi wa kwanza. Steere akawafundisha, na huku akijifunza. Akafunga mashine ndogo ya kuchapia, akawaonyesha vijana namna ya kupanga herufi, na kufikia mwaka 1867 mtambo huo ulikuwa umekwisha kutoa kijitabu cha lugha ya Kishambala. Kwa upande wa Kiswahili hakuanza bila kitu. Krapf alikuwa amechapa muhtasari wa sarufi yake huko Ujerumani mwaka 1850. Lakini Krapf aliishi Rabai na Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Steere akakaa kuwasikiliza watu wa mjini Unguja: waandishi, mashekhe, vijana wa nyumbani, wapita njia wenye hadithi.

Mwaka 1868 akaondoka. Mke wake alikuwa amebaki Uingereza miaka yote hiyo, na parokia ya Little Steeping ilikuwa bado yake. Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa; ulifunguliwa Novemba 1869, yeye akiwa huko huko kwao. Alichobeba ni karatasi: maneno aliyoyaandika, sentensi alizozisahihishiwa, na hadithi zilizohadithiwa mbele yake, baadhi yake zikiwa zimekwisha kuchapwa Unguja kwa matumizi ya shule.

Mmishonari wa karne ya kumi na tisa akienda likizo hakuwa amekwenda kupumzika. Alitarajiwa kuzunguka makanisa na kumbi, kueleza hali, kukusanya fedha, na kushawishi vijana waje. Livingstone, katika likizo yake ya 1856 hadi 1858, aligeuka mtu maarufu wa taifa zima. Kitabu chake cha safari kiliuzwa kwa maelfu, akapokewa na Malkia Victoria, na hotuba yake ya Cambridge ya Desemba 1857 ndiyo iliyoizaa misheni ya akina Steere. Likizo ya namna hiyo ilikuwa na hatari yake. Livingstone aliwaambia watu wa kwao kuwa Zambezi ni njia ya meli kuingia ndani ya Afrika, kumbe alipoteremka mto huo mwaka 1856 aliikata kona na hakuyaona maporomoko ya Cahora Bassa. Waliomsikia wakamwamini.

Steere hakuwa na umaarufu huo. Alirudi katika kijiji chake, akawa padri wa wakulima, akabatiza na kuzika. Na palepale, katika nchi ya baridi ambako hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumjibu salamu ya Kiswahili, akakamilisha kazi ambayo ingeelekeza mkondo wa lugha kwa zaidi ya karne. Injili ya Mathayo kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1869. Mwaka uliofuata vikatoka vitabu viwili: mwongozo wa lugha ya Kiswahili “kama inavyosemwa Unguja”, na mkusanyiko wa hadithi “kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja”, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1871 akaongeza vijitabu vya Kiyao na Kinyamwezi.

Yatazamwe majina hayo mawili kwa makini. Lile la kwanza linaitaja lugha na mji wake. Kiswahili kina Kiamu, Kimvita, Kimtang'ata, Kitumbatu, Kimakunduchi na vinginevyo, na ushairi mkubwa wa wakati ule ulikuwa umetungwa kwa lugha ya kaskazini, si ya Unguja mjini. Steere alilijua hilo. Ndani ya mkusanyiko wake aliiweka hadithi ya Liongo na shairi linalonasibishwa naye, ambalo hata Waunguja walihitaji kufafanuliwa. Hata hivyo kitabu cha kufundishia kilikuwa cha Kiunguja, nacho kikawa ndicho walichokishika wageni waliofuata, wamishonari na maofisa wa serikali. A. C. Madan wa misheni hiyo hiyo alikipitia upya, kisha akatunga kamusi zake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, sababu zilikuwa nyingi, biashara na misafara ya bara zikiwa miongoni mwake. Lakini Kiunguja kilikwenda mkutanoni kikiwa na vitabu mkononi. Washairi wa Mombasa na Lamu walikuwa na haki ya kunung'unika.

Herufi nazo zina habari yake. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Steere kuzaliwa. Yeye akatumia za Kilatini: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Kwa mgeni ni njia nyepesi mno, na ndiyo tunayoiandika mpaka leo. Kuna kilichopatikana hapo, kwani herufi za Kiarabu ziliacha msomaji akisie baina ya o na u. Kuna kilichopotea vilevile. Katika hadithi ya Sultani Darai yumo paa, mnyama. Juu ya nyumba ya Sultani lipo paa pia. Mtu wa Mombasa huyatofautisha maneno haya mdomoni, la kwanza kwa pumzi na la pili bila pumzi, na sikio lake haliyachanganyi. Tahajia sanifu iliyokuja baadaye haikuiwekea tofauti hiyo alama yoyote.

Jina la pili ni zito zaidi. “Wenyeji wa Unguja” ni akina nani? Katika dibaji Steere anawataja baadhi yao na kuwashukuru, na kwa kipimo cha zama zake huo ni uungwana. Juu ya jalada, hata hivyo, jina ni lake peke yake, na hivyo ndivyo hadithi zile zilivyojulikana duniani: hadithi za Steere. Sultani Majnuni, Goso, Muhammadi Mtepetevu, zote zilitoka katika vinywa vya watu waliokaa naye barazani, wakarudia sentensi pale alipowaomba warudie. Hawakuwako London kuzisoma karatasi za chapa kabla ya kwenda mtamboni. Neno likimtatiza, hakuwa na wa kumtumia isipokuwa barua, na barua ilichukua miezi. Kwamba makosa ni machache kiasi kile ni ushahidi wa uangalifu wake, na wa ubora wa masikio aliyoazimwa na walimu wake.

Katika hadithi ya paa, masikini Hamdani anayechakura jaani anamnunua paa, naye paa kwa akili yake anamtajirisha na kumwoza binti Sultani. Paa akiugua, bwana yule anaamuru apewe uji wa mtama duni. Paa anakufa kwa uchungu. Msimulizi wa Unguja ya watumwa na mabwana alijua anasimulia nini. Steere aliona kwamba hadithi hizi zingemfundisha Mzungu namna Waswahili wanavyofikiri; kama aliyasikia na hayo mengine, wasomaji wake wa Lincolnshire hawakupata kuambiwa waziwazi.

Huku nyuma Unguja haikungoja. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kilifika kutoka bara kwa njia ya Pangani, kikaua maelfu ya watu hadi katikati ya 1870. Dakta James Christie, tabibu aliyekuwako, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Oktoba 1870 akafariki Sayyid Majid, akatawala Sayyid Barghash. Misheni nayo ilikuwa ikidhoofika, watu wakifa na wengine wakirudi kwao, na afya ya Tozer ikizidi kuharibika.

Mwaka 1871 Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki, na Steere akawa miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi. Hapo likizo ilikuwa imekwisha kwa maana yake halisi. Mwaka 1872 akaiacha parokia mara ya pili, akarejea. Mwaka huo huo, tarehe 15 Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Tozer akajiuzulu mwaka 1873. Tarehe 5 Juni ya mwaka huo Sayyid Barghash alitia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, soko likafungwa, na siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini.

Steere alikwenda tena Uingereza mwaka 1874, akawekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey tarehe 24 Agosti. Safari hii hakukawia. Mwaka 1875 alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Lindi kwenda Mwembe kwa Mataka, katika nchi ya Wayao, ambao lugha yao alikuwa ameichapia kijitabu miaka minne nyuma akiwa kwao.