Kuvu Iingiayo Ubongoni

Hapa kwetu Tshangalele mtu akiumwa kichwa majuma mawili, kisha akaanza kuweweseka, wengi husema amerogwa. Pengine ni kuvu ndogo sana, ikaayo udongoni na katika mavi ya njiwa. Mtu huivuta puani. Akiwa amedhoofu, hasa mwenye ukimwi, hutoka mapafuni ikapanda hata ubongoni.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1983 waganga wa Ubelgiji walieleza habari za mama mmoja wa Kongo (siku zile Zaire) aliyeugua hivyo mwaka 1977, kabla ukimwi haujapewa jina. Kuutambua hakukutaka mashine kubwa: maji ya uti wa mgongo yalichanganywa na wino mweusi, na katika hadubini kuvu ilionekana imezungukwa na duara jeupe. Watu huiogopa sindano ile ya mgongo, eti hupoozesha. Kumbe kuyatoa maji hayo hupunguza msukumo unaobana ubongo, ambao ndio huua wengi!

Dawa yake, amfoterisini, ilipatikana miaka ya 1950 kutoka udongo wa Venezuela. Iliponya, lakini iliumiza figo. Mwaka 2018 uchunguzi uliofanyika Zambia, jirani zetu, na kwingineko, ulionyesha kwamba juma moja la dawa hiyo pamoja na flusitosini latosha kwa kuanzia. Ila flusitosini yenyewe ni shida kuipata.