Ukanda Haungoji

Msomaji, tuseme kwamba mjomba wako alipiga picha za arusi kwa kamera ya video mwaka 2001. Miaka mingi imepita, na baadhi ya waliocheza ngoma siku ile wamekwisha fariki. Leo picha zile zatolewa katika ukanda na kutiwa katika kompyuta, ili watoto waliozaliwa baadaye wazione. Lakini tazama! Bibi arusi hatembei, bali aruka kutoka mlangoni hata kitini kama panzi. Na babu atoaye baraka, maneno yake yakatika nusu. Waliopo husema, "Ukanda umeoza," na pengine hutaka kuutupa. Mara nyingi ukanda hauna kosa lolote. Ili tujue kosa liko wapi, yatupasa kuitazama historia ya picha hizo.

Sinema, kwa hakika, ni picha nyingi zisizojongea, zipitazo mbele ya macho upesi, moja baada ya moja, hata akili yetu ikaziunga zikawa mwendo mmoja. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha sinema mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mashine yao ilizungushwa kwa mkono, ikapitisha picha zipatazo 16 kwa sekunde. Sinema zenye sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, kadiri iliwekwa kuwa picha 24 kwa sekunde, maana sikio halivumilii sauti ya mwendo ubadilikao. Televisheni nayo ikawa na hesabu yake: Ulaya, na Kenya iliyoanza televisheni mwaka 1962, zilitumia picha 25 kwa sekunde, Marekani ilitumia zipatazo 30.

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mtambo wa kuhifadhi picha za televisheni katika ukanda wa sumaku wenye upana wa inchi 2. Mtambo huo ulikuwa mkubwa kama kabati. Mwaka 1983 kampuni ya Sony iliuza Betamovie, ambayo ilikuwa kamera na kinasa picha katika chombo kimoja cha kubebwa begani. Kisha, mwaka 1995, zikaja kamera za DV, ziandikazo picha kwa tarakimu katika ukanda mdogo utoshao kiganjani. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kupeleka picha zake katika kompyuta kwa waya, pasipo kupungua uzuri wake.

Lakini hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia. Ukanda wa DV hutoa megabaiti 3.6 hivi kila sekunde, na saa moja ya picha huhitaji nafasi ya gigabaiti 13 hivi. Zaidi ya hayo, ukanda hupita kwa mwendo wake wenyewe: arusi ya saa moja huhamishwa kwa saa moja, wala haungoji. Kompyuta ikichelewa kuandika, picha zijazo wakati huo hukosa pa kuwekwa, nazo hupotea. Badala ya picha 25, labda zitabaki 20, na jicho litaliona pengo.

Kwa hiyo, msomaji, chunguza kwa utaratibu, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Maana ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya.

Kwanza, cheza ukanda ndani ya kamera yenyewe. Picha zikiruka humo pia, safisha vichwa vya kamera kwa kaseti ya kusafishia. Zikienda sawasawa, ukanda ni mzima, na kosa liko mbele.

Pili, tazama waya. Waya uitwao FireWire, wa kanuni ya mwaka 1995, uliweza kupitisha biti milioni 400 kwa sekunde, na ukanda wahitaji kama milioni 29 tu. USB ya kwanza ilipitisha milioni 12. Kamera nyingi zilikuwa na matundu yote mawili, na aliyechagua tundu lisilofaa aliilaumu kamera bure. Alitaka msafara mzima wa arusi upite dirishani!

Tatu, tazama diski. Iwe na nafasi ya kutosha, na iweze kuandika upesi. Nne, funga programu nyingine zote, hata ile ipekuayo virusi, ili kompyuta isiwe na mabwana wawili.

Mwisho, usiihukumu kazi kwa kioo kabla haijakwisha. Mara nyingine picha huruka kiooni wakati wa kuhamishwa, kwa kuwa kompyuta imeshughulika na kuandika, hali faili lenyewe limekamilika. Ngoja limalizike, kisha ulicheze.

Nakuonya jambo moja. Usifute wala kutupa ukanda kabla hujaitazama nakala tangu mwanzo hata mwisho. Kamera za kuchezea kanda hizi zimekuwa adimu, na kanda zenyewe zinazeeka. Kwa hiyo kazi hii haifai kuahirishwa. Lakini aliyefanya haraka, akabaki na nakala yenye mapengo na ukanda uliofutwa, hana pa kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na baraka za babu ni hivyo hivyo. Ukikuta picha zinaruka, urudishe ukanda nyuma, utafute kilichochelewa, uanze tena.