Kinubi Kipana na Kinubi Chembamba Katika Nchi ya Mara

Katika Musoma, Butiama na Bunda hukutana watu wa lugha nyingi, na pamoja nao ala mbili za nyuzi ambazo wageni wamezoea kuziita zeze. Jina hilo halifai. Zeze la pwani ni kijiti chenye kibuyu, na zeze la Wagogo hupigwa kwa uta. Bali iritungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo zina mikono miwili ya mti iliyounganishwa juu kwa mtambaa, na nyuzi nane zishukazo hadi bakuli lililowambwa ngozi. Lifaalo ni kinubi, neno ambalo umbo lake laelekea kutaja Wanubi, wenye kupiga kisari, ala ya ukoo uo huo.

Ukoo huu ni wa kale. Umechorwa makaburini Misri, wapatikana Uhabeshi kwa majina ya krar na begena, na Buganda kwa jina la endongo. Kaskazini ya Tanzania ndiyo mpaka wake wa kusini. Wengine hudhani kwamba Wakurya walifunzwa na Wajaluo, waliotoka upande wa Naili. Lakini majina hayaungi mkono dhana hiyo. Wabukusu wa Mlima Elgon, ambao ni Wabantu, huita kinubi chao litungu, na Wakisii, jamaa wa Wakurya kwa lugha, wana obokano, kinubi kikubwa mno. Neno nyatiti halimo kwao wote.

Tofauti kubwa ni ya kiwiliwili. Iritungu lina bakuli pana na nyuzi ndefu, basi sauti yake ni nzito, yenye kunguruma, ambayo wachezaji huisikia miguuni kabla ya masikioni. Lakini ni zito pia kwa mpigaji, wala halichukuliki kwa urahisi. Nyatiti ni ndogo zaidi. Nyuzi zake ni fupi, na sauti hutoka kavu na dhahiri. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, vidole vikicheza nyuzini, huku akiimba na kugonga mti kwa pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu. Njuga mguuni huongeza mlio. Mtu mmoja, ngoma nzima! Kwa kazi hiyo bakuli pana lingekuwa mzigo tu.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Kenya na Tanganyika akinasa muziki, na mwaka 1962 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu hapo ala hizi zilisikika mbali kwa redio, lakini si kwa usawa. Kisemeo kidogo cha redio hutoa sauti nyembamba vizuri, na nzito kwa shida. Basi nyatiti ilifika nzima, na iritungu likafika nusu, bila ule mngurumo ambao kwa ajili yake bakuli lilichongwa pana.