Mkalimani wa Tulpehocken: Makazi ya Conrad Weiser na Lugha ya Mapatano



Taaluma yetu imewatendea haki watu walioandika: watunzi wa tenzi, wanakamusi, wafasiri wa vitabu vya dini. Mtu aliyesimama katikati ya wasemaji wawili, akayabeba maneno ya huyu kumpelekea yule, hatujamtazama kwa makini kama anavyostahili. Jina lake tunalo, tena si moja. Mkalimani ni neno lenye asili ya shina la Kiarabu linalohusu kusema. Mtarjumani linatokana na shina linalohusu kufasiri, na shina hilohilo ndilo lililosafiri hadi Ulaya likageuka dragoman. Wajerumani nao waliupata msamiati wao wa kazi hii, Dolmetscher, kutoka Kituruki kwa njia ya Kihungari. Inaelekea kila taifa limemwazima mkalimani kwa jirani, hata jina lake.

Jioni ya leo naomba tuzungumze juu ya mkalimani mmoja wa karne ya 18, Mjerumani aliyefanya kazi yake mbali sana na pwani yetu. Namchagua kwa sababu kumbukumbu za mabaraza aliyoyahudumia ziliandikwa na kuhifadhiwa, kwa hiyo kazi yake inaweza kupimwa.

Makazi ya Conrad Weiser yako katika mji mdogo wa Womelsdorf, kaunti ya Berks, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, katika bonde ambalo wenyeji wa asili waliliita Tulpehocken. Nilikwenda huko nikitarajia jumba la mtu mkubwa. Nilichokikuta ni nyumba ndogo ya mawe, ambayo mapokeo yanainasibisha na Weiser, ikiwa katikati ya bustani ya ekari 26 iliyosanifiwa na kampuni ya ndugu wa Olmsted katika karne ya 20. Tangu mwaka 1960 mahali hapo pametambuliwa rasmi kuwa alama ya historia ya taifa. Kuna makaburi ya familia, na maandishi ya kaburi la Weiser ni ya Kijerumani, yakitaja kwamba alizaliwa katika nchi ya Württemberg tarehe 2 Novemba 1696 na kufariki tarehe 13 Julai 1760. Kuna pia sanamu ya Shikellamy, mjumbe wa Mataifa Sita, ambaye habari zake zinakuja punde. Kwa macho ya mtalii si mahali pa kushangaza. Ukaribu wa kaburi lile la Kijerumani na sanamu ile ndio ulionishughulisha.

Familia ya Weiser ilihama Ujerumani mwaka 1709, baada ya mama kufariki, ikiwa sehemu ya wimbi la maskini walioteremka mto Rhine hadi London. Serikali ya Uingereza iliwasafirisha wapatao 3,000 hadi New York mwaka 1710, kwa sharti kwamba walipe nauli kwa kutengeneza lami ya misonobari ya kukalafatia merikebu za kivita. Mradi huo ulianguka katika muda wa miaka miwili na chakula kikakatwa. Familia kadhaa zilikimbilia bonde la Schoharie, jirani na Wamohawk, na hapo baba mtu akafanya uamuzi ulioamua maisha ya mwanawe: alimkabidhi Conrad, kijana wa miaka 16, kwa mzee mmoja wa Kimohawk ili akajifunze lugha. Kijana aliishi nao majira ya baridi ya 1712 hadi kiangazi cha 1713. Baadaye alisimulia kwamba aliteswa na baridi na njaa, na kwamba walevi walipochachamaa alikuwa akijificha. Alirudi na lugha.

Ni lugha ya namna gani? Wasomi wa Kibantu wangejiona hawako ugenini sana. Kitenzi cha Kimohawk, kama chetu, hubeba viambishi vya mtenda na mtendwa, na mara nyingi neno moja hutosha kuwa sentensi kamili. Lakini hupita mbali zaidi yetu, kwa kuwa huweza kuimeza nomino ndani ya kitenzi. Aidha, mtenda wa nafsi ya kwanza wingi hupambanuliwa: kuna “sisi” inayomjumuisha msikilizaji na kuna “sisi” inayomwacha nje, na tena wawili hutofautishwa na wengi. Tafakarini maana ya jambo hilo barazani. Gavana akisema kwa Kiingereza kwamba “sisi” tunaitaka amani, mkalimani hana budi kuamua papo hapo kama wasikilizaji wamo au hawamo. Kiingereza hakimsaidii, na Kiswahili pia kisingemsaidia.

Katika sauti, Kimohawk hakina p, b wala m kwa asili, midomo haifungwi. Kwa hiyo jina la William Penn, mwasisi wa koloni la Pennsylvania, halikuwa na njia ya kutamkika. Walilolifanya ni jambo zuri kuliko utohozi wowote niujuao: walilifasiri. Pen ni kalamu, kalamu ya enzi hizo ilikuwa unyoya wa ndege, na Penn akaitwa Onas, yaani unyoya. Alipofariki mwaka 1718 jina halikuzikwa naye. Kila gavana wa Pennsylvania alirithi cheo cha “Ndugu Onas”. Gavana wa Virginia naye aliitwa Assaragoa, kisu kikubwa, kwa sababu jina la Lord Howard, aliyefika barazani Albany mwaka 1684, lilifanana na neno la Kiholanzi la jambia. Majina haya yanatueleza kwamba Mataifa Sita, yaani Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga, Waseneca na Watuscarora, hawakuwa wapokeaji tu wa istilahi za wageni. Waliwapa wageni vyeo na kuwadai wavitumikie.

Weiser alihamia Tulpehocken mwaka 1729 pamoja na mkewe Anna Eve na watoto wao. Kuanzia 1731 alifanya kazi na Shikellamy, mzee wa Kioneida aliyewekwa na Mataifa Sita kusimamia mambo yao katika bonde la Susquehanna. Majira ya baridi ya 1737 wawili hao walikwenda Onondaga, penye moto wa baraza kuu, kutafuta suluhu baina ya Mataifa Sita na watu wa kusini. Theluji na njaa vilimlegeza Weiser hata akaketi chini ya mti akitaka kufa. Shikellamy ndiye aliyerudi kumwinua. Habari hiyo imo katika shajara ya Weiser mwenyewe. Siwezi kusema hivyo kuhusu kisa mashuhuri kinachosimuliwa katika sehemu zile, kwamba Shikellamy aliota amepewa bunduki, Weiser akampa, kisha Weiser naye akaota amepewa kisiwa. Kisa hichohicho husimuliwa juu ya Sir William Johnson wa New York na Hendrick wa Kimohawk. Ni hadithi inayohama, kama hadithi nyingi tuzijuazo, na hukaa popote inapopata watu wawili wa kuiweka.

Kazi ya barazani haikuwa ya maneno pekee. Kila hoja ilitolewa pamoja na ukanda wa shanga zilizochongwa kutokana na makombe ya baharini. Hoja isiyo na ukanda ilihesabiwa kuwa maongezi tu. Jibu halikutolewa siku ileile, kwani kujibu upesi kulikuwa ni kumdharau msemaji. Walioombolezewa sharti waombolezewe kwanza, machozi yafutwe kwa maneno maalumu, ndipo shauri lianze. Weiser aliyafahamu haya, akawafundisha magavana. Mwaka 1744, katika baraza la Lancaster, aliwaonya wajumbe wa Maryland na Virginia wasiwacheke wageni wao wala kusema ovyo juu ya mavazi yao, kwa sababu wengi wao walikifahamu Kiingereza ila hawakukubali kukisema wakati wa baraza. Onyo hilo liliandikwa na katibu wa ujumbe wa Maryland, Witham Marshe. Ukimya wao haukuwa ujinga. Ulikuwa mbinu ya kujipatia nafasi ya kusikia jambo mara mbili.

Benjamin Franklin, aliyechapa kumbukumbu za mabaraza hayo, alieleza pia mazungumzo ya Weiser na Canasatego, msemaji mkuu kutoka Onondaga. Canasatego alitaka kujua Wazungu hukutanika kwa ajili gani katika nyumba kubwa kila siku ya saba. Weiser alijibu kwamba hujifunza mambo mema. Mzee akasema kwamba yeye, kila akiuliza bei ya ngozi baada ya mkutano huo, huikuta imeshuka kwa wafanyabiashara wote kwa pamoja. Franklin alipenda kunogesha, lakini swali ni la haki.

Basi tuje kwenye jambo zito. Katika baraza hilohilo la Lancaster, Virginia ililipa pauni 200 za dhahabu na bidhaa za pauni 200, na Mataifa Sita wakatia alama zao kwenye hati inayotambua haki ya mfalme juu ya ardhi ya koloni la Virginia, kwa mipaka iliyopo na itakayokuwapo. Wazee walielewa kwamba wanaachia bonde la Shenandoah. Wenzao walikuwa na hati ya kifalme ya 1609 iliyoipa Virginia nchi kutoka bahari hadi bahari. Neno “Virginia” lilipita katika kinywa cha mkalimani likiwa jina la mahali. Katika karatasi lilikuwa nusu ya bara. Mkalimani angaliweza kulisema neno hilo kwa usahihi wote wa sarufi, na bado upande mmoja ukawa umeuza kitu ambao haukukijua. Je, Weiser alijua? Alikuwa mtu wa mahakama na mwenye ardhi nyingi, naye alizisoma hati. Mimi naona ni vigumu kumwachilia.

Suala la Walenape, ambao Waingereza waliwaita Delaware, ni chungu zaidi. Mwaka 1736 Mataifa Sita waliachia ardhi ya Susquehanna huko Philadelphia. Wajumbe walipokuwa wamekwisha kuondoka mjini, James Logan alimtaka Weiser apate saini zao kwenye hati ya pili, ya kuachia pia madai ya ardhi ya mto Delaware, ardhi ambayo Mataifa Sita hawakuwa wakiikalia. Weiser alizipata. Mwaka uliofuata, wana wa Penn walidai mkataba wa zamani unaowapa ardhi kadiri mtu awezavyo kutembea kwa siku moja na nusu; wakafyeka njia, wakaajiri wakimbiaji watatu, na mmoja wao akafika zaidi ya maili 60. Walenape walipolalamika, Canasatego aliwakaripia mbele ya watu huko Philadelphia mwaka 1742, akawaita wanawake na kuwaamuru wahame. Hotuba yake ilitafsiriwa na Weiser kwa Kiingereza, na kutoka Kiingereza ikatiwa Kilenape, lugha ya ukoo mwingine kabisa, na mkalimani mwingine. Katika mapokeo ya Walenape, kuitwa mwanamke katika mapatano kulikuwa cheo cha mpatanishi, asiyebeba silaha kwa kuwa wapiganao humsikiliza. Katika hotuba ile cheo kiligeuzwa kuwa tusi, na Kiingereza kikalihifadhi tusi peke yake.

Wanahistoria wa awali walimsifu Weiser kuwa mlinzi wa amani. Waliofuata wamemwona kuwa wakala wa wanunuzi wa ardhi. Nionavyo mimi, alikuwa yote mawili kwa wakati mmoja, na amani aliyoilinda ilikuwa ya Onondaga na Philadelphia. Walenape na Washawnee ndio waliolipa gharama zake. Deni lilidaiwa Oktoba 1755, makazi ya Penn's Creek yaliposhambuliwa, na mwezi uliofuata vita vikafika Tulpehocken kwenyewe. Majirani zake Wajerumani walimnung'unikia kuwa ni rafiki wa adui. Mkalimani huyo, karibu na miaka 60, akawa luteni kanali akisimamia ngome baina ya Susquehanna na Delaware.

Yapo matendo mawili ya mwisho ya kutajwa. Mwaka 1754 huko Albany Weiser alikuwa amesaidia kununuliwa kwa ardhi kubwa magharibi ya Susquehanna, ununuzi uliowakasirisha hata baadhi ya waliotia alama. Oktoba 1758, katika baraza la Easton, yeye na Richard Peters walitia saini, kwa niaba ya ukoo wa Penn, hati ya kurudisha sehemu ya ardhi hiyo iliyokuwa ng'ambo ya milima ya Allegheny. Katika kumbukumbu za mabaraza yake yote, hati za kurudisha ni adimu mno. Kwa hiyo hii naitaja kwa makusudi.

Alifariki miaka miwili baadaye, akazikwa shambani mwake. Baraza lilipokutana tena Easton mwaka 1761, mjumbe wa Mataifa Sita alieleza kwamba tangu kifo cha Weiser walikuwa wameketi gizani, kwa kuwa pande mbili haziwezi tena kuelewana vema kama zamani. Alitamka hayo kwa desturi ya maombolezo, kama baraza lilivyotaka, kisha shauri la ardhi likaendelea.